Ndege wa Kaskazi Mombasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukiandika "ndege Mombasa" kwenye simu, kwanza utaletewa nauli za kwenda Nairobi. Ukurasa huu ni wa wale wenye manyoya, wasiokata tiketi. Maswali yamekusanywa kutoka kwa majirani, wanafunzi, wavuvi, abiria wa feri, na jamaa waliotuma picha zenye ukungu wakiuliza "huyu nani?" Yamepewa nambari ili jibu moja liweze kukupeleka kwa jingine.

## Mambo ya mwanzo

1. Kwa nini mnasema "msimu wa kaskazi"? Si ni kiangazi tu?

Kwa sababu upepo ndio unaotupangia mwaka. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kwa kawaida kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Machi. Ndiyo miezi ya joto la kulala mlango wazi, bahari imetulia, maji maangavu. Upepo huohuo ndio uliokuwa ukileta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi.

Miezi hiyohiyo Ulaya na Siberia zimeganda kwa baridi. Ndege wanaoishi kwa kula wadudu, minyoo na vikaa hawana cha kula kwenye ardhi iliyoganda, basi huteremka kusini. Kwa hiyo mtu wa London akisema ameona ndege wazuri wa kiangazi anamaanisha Juni na Julai; sisi tunamaanisha Januari, tena mara nyingi tunazungumzia ndege walewale.

2. Wanatoka wapi hasa?

Inategemea ni nani. Wale wadogo wanaokimbiakimbia ufuoni wengi huzaliana kwenye nyika za aktiki, kaskazini kabisa mwa Urusi, ambako majira ya joto ni ya wiki chache tu. Mbayuwayu wanatoka Ulaya na Asia. Kozi wadogo wa Amur (swali la 14) wanatoka mashariki ya mbali, mpakani mwa Urusi na Uchina. Mla-kaa (swali la 11) hatoki mbali hivyo. Makwao ni pwani za Uarabuni, Bahari ya Shamu na Somalia. Tena wako wanaotoka hapahapa barani, kaskazini ya ikweta, kama keremkerem wekundu wa swali la 12.

3. Wanafika lini na wanaondoka lini?

Wa mwanzo wa ufuoni huonekana Agosti, kusi, upepo wa kutoka kusini, ikiwa bado inavuma. Idadi hupanda Septemba na Oktoba, na kuanzia Novemba hadi Februari ndiyo kilele. Machi na Aprili wanaondoka.

Nikiambiwa nichague mwezi mmoja, nachagua Machi, japo wengi hupenda Desemba kwa sababu ya likizo. Mwezi wa Machi wengi wameanza kuvaa nguo za harusi: waliokuwa wa kijivu wanageuka wekundu, wengine vifua vinakuwa vyeusi. Pia wamenona. Ndege mdogo huongeza mafuta mengi mwilini kabla ya safari, ukimtazama tumbo limekuwa la duara kama andazi.

4. Nahitaji vifaa gani?

Darubini ya mkono, basi. Ikiwa imeandikwa 8x42 au 8x32 inatosha sana. Zenye nguvu kubwa zaidi hutikisika mkononi na huchosha. Kofia, maji, daftari na kalamu. Simu itakusaidia kwa programu za kutambua ndege kama Merlin, lakini usiiamini moja kwa moja. Kwa vindege vya ufuoni huchanganyikiwa kama tunavyochanganyikiwa sisi.

## Pahali na saa

5. Nikienda asubuhi mapema sioni kitu, na rafiki yangu akienda saa tisa mchana anaona mamia. Nakosea wapi?

Umekosea kutazama saa ya ukutani badala ya kutazama maji. Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote.

Ndege wa msituni huamka na jua. Ndege wa ufuoni huamka na maji. Bahari ikipwa, tope na mchanga hufunuka, nao husambaa huko mbali wakila. Utawaona kama punje za pilipili manga. Maji yakianza kujaa, yanawasukuma pole pole kuelekea nchi kavu, na saa mbili za mwisho kabla ya maji kujaa kabisa wanakuwa wamebanwa kwenye ukanda mwembamba karibu na ulipo. Maji yakishajaa hupanda juu ya mikoko, au kwenye mchanga ulio juu, wakasimama kwa mguu mmoja na kulala.

Kwa Mombasa kuna hesabu rahisi ambayo kila mvuvi anaijua. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku mbili tatu zinazofuata, maji hupwa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi alasiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kinyume: hujaa asubuhi hiyo ya saa nne. Kila siku inayopita, maji huchelewa kwa kadiri ya dakika 50. Kwa hiyo siku ya bamvua fika ufuoni saa nane mchana, keti kivulini, na uwaache waletwe kwako. Siku ya maji mafu nenda asubuhi, ila usitarajie mengi, kwa sababu maji hayaendi mbali wala hayarudi kwa nguvu, na ndege hawabanwi.

Bamvua maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukitaka saa kamili, tazama jedwali la maji la Kilindini.

6. Sitaki kutoka Mombasa. Niende wapi?

Ghuba ya Tudor, hasa upande wa Mikindani na Jomvu, ina tope pana na mikoko. Si pahali pa kupiga picha ya harusi. Kuna mifuko ya plastiki, na siku nyingine kuna harufu. Lakini ndege wanatafuta minyoo, hawatafuti mandhari. Port Reitz na Mwache, ukipitia barabara ya Dongo Kundu, pia kuna tope zuri, ingawa kule lazima usome kwanza swali la 23.

Ufuo wa Nyali hadi Shanzu unafaa maji yakiwa yamepwa na mwamba umefunuka: kulastara, yangeyange, na wale wanaopindua mawe wakitafuta kilicho chini yake. Nenda siku ya katikati ya wiki. Jumapili mpira na ngamia huwafukuza wote.

Haller Park huko Bamburi ilikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji. Mwaka 1971 ndipo upandaji wa miti ulipoanza, na mivinje ndiyo iliyoshika kwenye mwamba ule mkavu. Leo kuna mabwawa yenye wadiria na mnandi, na ndege wadogo wahamiaji hupumzika mitini. Nguuni, bara kidogo kutoka Bamburi, ina mikoma, nyasi na madimbwi; ndipo pa kutafuta wale wa waya na wa nyasi. Mbuni wa Nguuni usiwahesabu. Wale wamefugwa.

7. Mida Creek na Sabaki zinafaa safari ya siku moja?

Zinafaa, ila kwa siku moja chagua mojawapo. Mida iko kama kilomita 100 kaskazini mwa Mombasa. Panda matatu ya Malindi na ushuke kabla ya kufika Gede. Kuna daraja la kamba linalopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia. Ada inayolipwa pale huchangia karo za watoto wa vijiji vya jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke, kwa mpango unaosimamiwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya. Kanuni ya maji ya swali la 5 inafanya kazi pale kuliko popote: ukifika maji yamepwa, utatazama tope tupu.

Sabaki ni mlango wa mto, mbele ya Malindi. Maji ni mekundu kwa udongo wa bara. Shakwe na buabua hukaa kwenye fungu la mchanga kwa mamia, na heroe huja baadhi ya misimu. Ukienda Sabaki lala Malindi. Kurudi Mombasa usiku kwa ajili ya ndege ni kujitesa.

8. Naweza kuingia topeni niwakaribie?

Usiingie. Niliwahi kuingia upande wa Mikindani nikimfuata mmoja mwenye mdomo uliopinda kwenda juu. Hatua ya tano mguu ulizama hadi gotini, nikauvuta, ukatoka bila kandambili. Wakati huo maji yalikuwa yanajaa. Kijana aliyekuwa akitafuta chambo alinijia na ubao, akanivuta, kisha akaniuliza kwa upole kama ndege yule alikuwa wangu. Na ndege, bila shaka, aliruka nilipopiga hatua ya kwanza.

Kaa ukingoni usitikisike. Baada ya dakika 15 utakuwa umegeuka kisiki, nao watakuja.

## "Huyu nani?"

9. Vile vya ufuoni vyote naviona kijivu. Nianzie wapi?

Kwa watu wengi wa pwani vyote ni vitwitwi, na si jina baya. Lakini ukitaka kuvitenga, acha rangi kwanza. Tazama mambo matatu: mdomo (urefu na umbo), miguu (rangi), na mwendo.

Mwendo ndio unaosema ukweli. Yuko anayekimbia hatua tatu, akasimama ghafla kama aliyesahau kitu, akadokoa, akakimbia tena: huyo ana jicho kubwa na mdomo mfupi, na anawinda kwa kuona. Yuko anayetembea kichwa chini akichoma tope bila kupumzika, kama fundi cherehani: huyo anawinda kwa kupapasa. Weupe wanaokimbia mbele ya wimbi na kulifuata likirudi, miguu haionekani kwa kasi, wanapenda mchanga ulio wazi wa Bamburi na Shanzu, na huwakuti topeni Tudor. Yule wa mdomo uliopinda juu, miguu ya manjano, anayekimbia ovyo kama amefukuzwa, anaitwa kwa jina la mto Terek ulioko Kaukazi, na ndiye aliyenigharimu kandambili.

Dokezo moja la bure: akiruka mnene wa kijivu ukaona kwapa jeusi, umemaliza kazi. Hakuna mwingine wa ufuoni huku mwenye kwapa hilo.

10. Yule mkubwa wa kahawia, mdomo mrefu umepinda chini?

Sululu. Jina ni lilelile la chombo cha kuchimbia, na ukimwona ubavuni utaelewa kwa nini. Wako wawili. Wa kawaida ana mistari kichwani, kama aliyechorwa kwa kitana, na mdomo umepinda zaidi kuelekea ncha. Mwingine ni mkubwa zaidi, hana mistari kichwani, na mdomo wake ni mrefu mpaka unamwonea huruma.

Wa kawaida utamjua hata macho yamefumbwa. Akishtuka hupiga mbinja fupifupi za sauti moja, kama saba mfululizo. Mtazame akimpata kaa wa tope: humshika gando, humtikisa kichwa huku na huko hadi miguu ya kaa inyofoke, kisha huokota kiwiliwili na kukimeza. Miguu iliyobaki topeni huja kuokotwa na wadogo.

11. Mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene kama kisu cha nazi?

Umebahatika. Huyo ni *Dromas ardeola*. Sisi tunamwita mla-kaa kwa kuwa ndiyo kazi yake. Duniani hana ndugu wa karibu, yuko peke yake katika familia yake. Huzaliana kwa makundi kwenye pwani za mchanga za Uarabuni na Somalia, na badala ya kujenga kiota juu huchimba shimo. Yai huwa moja, jeupe, na joto la mchanga husaidia kuliatamia, jambo ambalo ndege wengine wa ufuoni hawalifanyi.

Mida ndipo pa kumwona kwa uhakika, kwa mamia msimu ukikolea. Katika ghuba za Mombasa huonekana mmoja mmoja, na ukimwona andika (swali la 20). Ukiona wa kijivujivu amesimama nyuma ya mkubwa, shingo ameikunja, akilia bila kukoma, huyo ni kinda. Wazazi husafiri naye na huendelea kumlisha hapa, miezi kadhaa baada ya kutoka shimoni, na urefu wake karibu sawa na wa mama.

12. Jioni kabla ya magharibi naona kundi la ndege wekundu sana wakivuka juu ya mikoko.

Keremkerem wekundu. Mwili mwekundu wa waridi, kichwa cha kijani-buluu, manyoya mawili marefu mkiani. Hufika pwani kuanzia Septemba au Oktoba na kukaa hadi Machi. Mchana husambaa mashambani kukamata nyuki na panzi, jioni hurudi kulala mikokoni pamoja. Kwenye Mida ni tamasha: wanakuja kwa makundi ya kumi kumi, ishirini ishirini, jua likiwa nyuma yao. Hapo usihangaike na picha ya simu. Itatoka nukta nyeusi.

13. Na yule wa buluu anayekaa kwenye waya wa stima?

Akiwa na kifua cha zambarau na manyoya mawili marefu mkiani, ni mwenyeji, yupo mwaka mzima bara kidogo. Akiwa kichwa na kifua vyote buluu ya samawati, mgongo wa kahawia ya mdalasini, mkia umekatwa sawa, ni mgeni kutoka Ulaya au Asia. Barabara ya Mariakani Januari ina wageni wengi.

14. Baada ya mvua za vuli niliona kozi wadogo, kama mia, wanazunguka juu. Kozi si huwa mmoja mmoja?

Hawa ni kozi wa Amur, na huenda kwa makundi. Dume ni kijivu cheusi, mapaja mekundu ya kutu, na chini ya bawa kuna weupe unaowaka akigeuka. Uzito wake haufiki gramu 200. Wanazaliana mashariki ya mbali mwa Asia, wanapita kaskazini-mashariki mwa India, kisha wanavuka Bahari ya Hindi yenyewe, upepo wa kaskazi ukiwa mgongoni. Kwetu hupita Novemba na Desemba, na wengi huendelea hadi kusini mwa Afrika.

Wanakula nini juu ya bahari? Kereng'ende pia huvuka bahari hiyo kwa mamilioni majira hayohayo, na wataalamu wanadhani kozi hula njiani. Wakifika nchi kavu, kumbikumbi wa baada ya mvua ndio karamu yao. Mkiona kumbikumbi wametoka, inueni vichwa.

15. Mbayuwayu wa chini ya paa letu haondoki. Naye ni mgeni?

Hapana. Anayejenga kwa udongo chini ya paa lako ni mwenyeji. Mgeni ana koo jekundu la kutu, mkufu mweusi, mkia wa uma mrefu, na hajengi hapa hata siku moja. Anakuja kula na kulala. Tena wale weusi wenye kiuno cheupe wanaojazana chini ya madaraja na maghorofa wakipiga kelele si mbayuwayu kabisa ijapokuwa tunawaita hivyo. Hawawezi hata kukaa kwenye waya, miguu yao ni ya kung'ang'ania ukuta tu.

16. Kuna heroe Mombasa?

Wakati mwingine wachache hupita. Nenda Sabaki au Mida. "Heroe" wengi tunaotumiwa picha zao kutoka Tudor ni yangeyange aliyepigwa na jua la machweo.

17. Mbona siku hizi naona kunguru tu?

Kwa sababu kunguru wa shingo ya kijivu, ambao wengine huwaita kurabu, si wa hapa. Ni wa Bara Hindi. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890, na kufikia 1947 walikuwa wameonekana Mombasa. Kunguru wetu wa asili ni mweusi mwenye kifua cheupe, na kwenye kisiwa sasa ni wa kutafutwa.

Hawa wageni hula mayai na makinda ya wengine. Mnana wanaofuma viota kwenye minazi, shorewanda, chozi, wote hupata hasara. Hata sululu na mla-kaa husumbuliwa hadi waangushe walichokamata. Mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuangamiza kunguru hawa milioni 1. Sumu ni kazi ya wataalamu wenye kibali. Usiweke yako, utaua mwewe na paka wa jirani. Unachoweza kufanya wewe ni kufunika taka. Kunguru huzaa kulingana na jalala.

## Yasiyo ya kawaida

18. Niliona sululu Julai. Si wote wameshaondoka?

Si wote. Vijana wa mwaka wa kwanza wengi hawana haraka ya kuoa, hubaki hapa hadi msimu unaofuata. Mla-kaa pia hubaki baadhi. Kwa hiyo Julai si kosa, ila andika idadi.

19. Kusi nayo inaleta wageni?

Inaleta, ila wachache na wa aina nyingine. Sabaki, kati ya Aprili na Septemba, hupokea ndege wa Madagaska wenye mabawa ya mbayuwayu, kahawia juu, mstari mweupe chini ya jicho. Siku nyingine kwa maelfu. Magofu ya Gede na msitu wa Sokoke hupata wahamiaji kutoka kusini wanaotembea kwenye majani makavu, na kuwaona kunataka subira ya mtego. Mengine ya Sokoke, pamoja na yule bundi mdogo aliyejulikana kwa sayansi mwaka 1965, yanastahili ukurasa wake.

20. Nadhani nimeona ndege adimu. Nifanyeje?

Kabla ya kumwambia mtu, andika. Tarehe, saa, pahali hasa ("Tudor" haitoshi, sema karibu na nini), maji yalikuwaje, idadi, alikuwa akifanya nini, na ulichokiona kwa macho yako. Usiandike jina kwanza. Jina likitangulia, kumbukumbu hulifuata: kesho yake utaapa uliona miguu myekundu.

Piga picha hata mbaya. Picha mbovu inayoonyesha umbo la mdomo ina thamani kuliko maelezo mazuri. Kisha tuma kwenye eBird au Kenya Bird Map, tovuti za kuweka rekodi za ndege, ambako kuna watu wanaokagua. Wakikuuliza maswali usikasirike. Mimi niliwahi kutangaza buabua adimu wa bahari kuu. Walinirudishia swali moja tu, miguu ilikuwa rangi gani, na sikuwa nimetazama. Rekodi ikafa hapohapo, na ilistahili.

Na usidharau wa kawaida. Kila Januari hufanyika hesabu ya ndege wa maji nchini, iliyoanza mwaka 1991, na nguvu yake ni hizo tarakimu za sululu na vitwitwi zinazorudiwa mwaka baada ya mwaka.

21. Nimeokota ndege ana pete mguuni. Niiuze?

Haina bei. Soma herufi na nambari zote, piga picha, na upeleke taarifa kwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Akiwa hai mwachie na pete yake. Huenda alivishwa pete Ulaya, au si mbali na hapa: Ngulia, ndani ya Tsavo Magharibi, tangu 1969 ndege wanaosafiri usiku hunaswa kwa nyavu siku za ukungu wa Novemba na Desemba, huvishwa pete, kisha huachiwa. Kindege cha gramu 10 huko hupimwa kama mtoto kliniki.

22. Kaanguka barazani, hawezi kuruka. Nimpe maji?

Usimmiminie mdomoni, utamzamisha. Mweke kwenye boksi lenye matundu, gizani, mbali na paka na watoto, saa moja au mbili. Wengi huwa wamegonga kioo au wamechoka tu. Mfungue jioni ikikaribia, nje. Akiwa amevunjika, piga simu KWS. Kumfuga bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013. Ukikuta wengi wamekufa pamoja, usiwaguse, toa taarifa.

23. Naweza kutumia darubini feri ya Likoni au karibu na bandari?

Uliza kwanza, na ukiambiwa hapana ni hapana. Pahali fulani karibu na maji mlinzi aliniketisha saa nzima kwa kosa la kumtazama furukombe aliyekaa juu ya mlingoti. Nilimwonyesha daftari, akasoma "furukombe 1, anakula samaki" akafikiri ni lugha ya siri. Aliponirudishia darubini alijaribu mwenyewe, akamwona, akacheka. Tangu hapo hubaki Mama Ngina, upande wa mibuyu. Buabua wanaopita mlangoni huonekana vizuri vilevile.

24. Bundi ameingia darini. Ni ndege mbaya?

Kwa Kiswahili "ndege" ni bahati pia, njema au mbaya, kwa hiyo swali lina haki yake na sitakubishia imani ya nyumbani kwako. Ila si mgeni wa kaskazi. Yule mweupe wa uso wa moyo yuko nasi mwaka mzima, na hukaa penye panya. Chini ya pale anapolala utakuta vidonge vyeusi vikavu, ukubwa wa kidole gumba. Hivyo huvitapika, si kinyesi. Tuliloweka kimoja kwenye kikombe cha maji, darini kwa jirani Kibokoni, tukakipasua kwa sindano: mafuvu 3 ya panya, na taya moja la nne.